Saba Bila Majibu

Bao la nne lilipoingia, Kisiki alikuwa anamenya chungwa, na hakuacha kumenya. Alisikia uwanja ukiguna. Kwa pembeni ya jicho alimwona mlinda mlango wao akitembea polepole kwenda kuokota mpira wavuni. Akaendelea kuzungusha kisu mpaka ganda likatoka lote bila kukatika, kisha akalipasua chungwa katikati na kumpa kipande mwenzake aliyeketi kushoto kwake.

"Unanipa chungwa," mwenzake alisema. "Sasa hivi."

"Si umeyabeba mwenyewe?"

Mwenzake huyo aliitwa Kepteni. Siku hizi hakuwa nahodha wa kitu chochote zaidi ya duka lake la ndoo na masufuria, lakini alivaa kile kitambaa cha mkononi kwa miaka mingi sana, hata wanawe walimwita hivyo walipotaka kumtania. Alilishika chungwa lile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani asiyejua amweke wapi. Mwishowe aliliweka chini, kwenye saruji, karibu na kiatu chake.

Ilikuwa mechi ya mchujo. Anayeshinda anapanda Ligi Kuu, anayeshindwa anarudi alikotoka. Timu ya wanawake ya mji ule haikuwahi kufika hatua hiyo tangu iundwe, na wiki nzima viongozi wa klabu walikuwa mbioni kama watu wenye harusi. Katika mbio hizo ndipo mmoja wao alipokumbuka kwamba kuna akina mama waliocheza zamani, wakati timu haina hata jezi zake yenyewe. Wakatafutwa, wakapewa skafu na viti vya mstari wa mbele, na kwenye kipaza sauti wakaitwa waasisi.

"Waasisi ndiyo nini?" Kepteni alikuwa ameuliza.

"Wazee wanaopewa viti," Kisiki alimjibu, na wote wawili walicheka, maana wakati huo mpira ulikuwa bado haujaanza.

Bao la kwanza lilibisha hodi kwanza: likagonga mwamba, likarudi, likapigwa tena. La pili halikubisha. La tatu liliingia kama mtu wa nyumbani, bila kuvua viatu. Kufikia hapo Kisiki alikuwa bado anasogea ukingoni mwa kiti kila mpira ulipovuka katikati. Kisha likaja la nne, na kitu fulani ndani yake kikazimika. Ilikuwa kama unapoukalia mguu muda mrefu mpaka ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaugusa, lakini unaugusa kama mguu wa mtu mwingine.

Kepteni hakufa ganzi. Alisimama, akakaa, akasimama. Alimtukana refa, akazitukana nyasi, na ghadhabu yake ikaishia kwa kocha. Na huyo kocha hakuwa mgeni. Alikuwa mwenzao, mshambuliaji wao wa zamani, yule aliyekuwa akikimbia kandokando ya uwanja kama anafukuzwa na nyuki. Sasa alisimama kando ya mstari, mikono nyuma, hasemi, hasogei. Watu wa mjini humwita Kocha tu.

"Mwangalie," Kepteni alisema lilipoingia la sita. "Kama mlingoti wa bendera."

Kisiki alimwangalia. Alitaka kumwonea huruma, akaitafuta huruma yenyewe asiione. Alikula chungwa lake. La saba liliingia kutokana na mpira uliomgonga mshambuliaji wa wageni begani bila yeye mwenyewe kutaka. Filimbi ikalia. Saba bila majibu.

Mtangazaji wa redio alishuka ngazi na kinasa sauti chake moja kwa moja kwenye viti vya waasisi. Kepteni hakuulizwa mara mbili. Alisema timu haina kocha, ina mtu aliyesimama. Alisema wao zamani walicheza kwa damu, na kwamba aliyeiua timu ajulikane na aondoke kesho asubuhi. Aliposhusha pumzi, mtangazaji alikigeuza kinasa sauti.

"Na wewe, mama? Unajisikiaje?"

"Sijisikii kitu," Kisiki alisema.

Mtangazaji alisubiri. Alipoona hakuna kinachofuata, alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa neno zito, akaenda zake.

*

Jina la Kisiki alilipata akiwa msichana. Mshambuliaji mmoja wa miraba minne alimvaa kwa kasi akitaka kupita, akaanguka yeye, na msichana akabaki amesimama palepale akikung'uta vumbi. Muuza karanga aliyekuwa kando ya uwanja akasema, "Mwacheni huyo, ni kisiki cha mpingo, mtang'oa kucha bure." Basi likanata. Siku ya harusi yake mshereheshaji alilitaja jina lake halisi, na nusu ya wageni wakaangaliana wakidhani wameingia ukumbi usio wao.

Walicheza kwenye uwanja wa shule, baada ya wanaume kumaliza. Kama wanaume walichelewa kumaliza, wao walicheza kigiza kikianza kuingia, na mpira ukipigwa juu unausubiri kwa masikio. Mistari ya uwanja waliichora wenyewe kwa majivu. Jezi zilikuwa za timu ya wanaume zilizochakaa, zinawafika magotini. Mama yake hakuupenda mchezo ule na aliwahi kuvificha viatu vyake ndani ya gunia la mkaa. Kisiki alivitoa, akacheza miguu ikiwa myeusi hadi kwenye nyonga, akarudi nyumbani. Mama yake alipomwona alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakuvificha tena. Hakukuwa na Ligi Kuu ya kupanda wala ya kushuka. Aliacha kucheza goti lilipoanza kuvimba kila Jumatatu na mtoto wa pili alipokuwa njiani, na hakuna aliyemuaga, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa mechi yake ya mwisho.

Baada ya hapo maisha yakaenda kama yanavyokwenda. Aliingia kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli na hakutoka tena. Mumewe ni fundi rangi, mtu mpole anayerudi nyumbani na madoa ya nyumba za watu kwenye nywele. Binti yao anafanya kazi duka la dawa, mtoto wa kiume yuko mbali. Mama mkwe anaishi nao. Masikio yake hayasikii vizuri, lakini redio haizimi.

Jioni ile ya mchujo ni mama mkwe aliyemlaki mlangoni.

"Wamefungwa ngapi?"

"Saba, mama."

"Na wenyewe?"

"Bila."

"Bila nini?"

"Bila kitu."

Mama mkwe alifikiri. "Basi si mngesema mapema, wangekwenda watu wengine," alisema, akarudi kwenye redio yake. Mume alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na sahani ya maharage mkononi. Alimtazama mkewe usoni muda mrefu kidogo, akajua hapa pana jambo, ila halikuwa jambo alilolizoea. Hasira yake anaijua, huzuni yake anaijua. Hii hakuijua.

"Kula," alimwambia.

Alikula. Alisema maharage yameiva vizuri. Akaosha vyombo, akalala, na hakuota.

*

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hoteli. Dirisha lake moja liko juu, karibu na dari, na linaonyesha miguu ya wapita njia tu. Kuna mashine mbili kubwa za kufulia, moja ya kukaushia inayolia kama mlango usiotiwa mafuta, meza ndefu ya kukunjia, na upande wa pili yupo mpiga pasi, mwanamume wa makamo anayeamini kwamba mvuke unaondoa uchawi. Asubuhi iliyofuata Kisiki aliikuta mifuko mitatu mikubwa imewekwa sakafuni mbele ya mashine.

"Za wageni wa ghorofa ya pili," mpiga pasi alisema, halafu akainamia pasi yake. "Wanaondoka mchana. Msimamizi amesema zitangulie."

Kisiki alifungua mfuko wa kwanza. Jezi zilikuwa za wale waliowafunga saba. Hakuwa amejua kwamba walilala pale, ingawa kwa kweli mji mzima una hoteli moja tu inayoweza kulaza timu nzima, na angefikiri kidogo angejua.

"Nikusaidie?" mpiga pasi aliuliza. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kusaidia.

"Nguo ni nguo."

Akazigeuza nje-ndani moja moja, soksi akazikung'uta zikamwaga punje za udongo mwekundu, udongo ule ule aliowahi kuula mwenyewe akianguka. Alama za nyasi alizipaka sabuni ya mche na kuzisugua kwa kidole gumba kabla ya kuziingiza mashineni. Alipomaliza alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama nguo zikizunguka nyuma ya kioo. Alijiuliza kama anapaswa kukasirika. Alijaribu kidogo. Aliikumbuka sauti ya mpira ukigonga mwamba, alimkumbuka yule mlinda mlango akitembea. Vilipita mbele yake kama vitu vya mtu mwingine vilivyoletwa kufuliwa.

Zilipokauka na kukunjwa, msichana mmoja alishuka kuulizia bukta yake. Alikuwa mrefu, na bandeji kwenye paja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namba yako?"

"Tisa."

Kisiki alimtafutia. Msichana aliipokea, akainusa, akatabasamu. Alikuwa na uso mwema, wa mtu aliyelelewa.

"Hata pasi mmepiga. Asante sana." Kisha, kwa kuwa mashine peke yake ndiyo iliyokuwa na sauti na hilo halikumpendeza, akaongeza, "Uliiona mechi yetu jana?"

"Niliiona."

"Yaani mpaka niliwaonea huruma. La mwisho lile hata sikutaka kufunga, mpira ulinigonga begani tu. Nilipomwona yule dada wa golini anakwenda kuuokota tena, nikatamani nikamwokotee mimi." Aliikunja bukta upya. "Sijui kama tulifanya vibaya."

Mpiga pasi aliacha kupiga pasi.

"Mpira haupigwi nusu," Kisiki alimwambia. "Nendeni salama. Hilo paja usilikalie kwenye basi, linyooshe."

Msichana akapanda ngazi. Mpiga pasi alimtazama Kisiki kwa muda, mvuke ukimtoka mkononi bure.

"Ungemwambia wewe ni nani."

"Ili iweje?"

Mpiga pasi aliiweka pasi pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimchemshia chai.

*

Mchana huo Kepteni alipiga simu. Aliita waasisi wote dukani kwake, na walikuja watano, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa katikati ya masufuria yanayoning'inia. Kila mmoja alikuwa na la kwake. Yule aliyekuwa winga wa kulia, siku hizi mkunga, alisema hakulala. Yule kiungo wa kati, mwenye kibanda cha kuchapisha fulana, alisema wateja wanamcheka. Mlinda mlango wao wa zamani hakusema neno, alilia tu, akifuta pua kwa skafu waliyopewa uwanjani. Kepteni alisimama mbele yao kama anapanga kikosi.

"Tunakwenda redioni pamoja," alisema. "Waasisi wote. Tunasema kwa kauli moja: Kocha aondoke. Mimi peke yangu wataniita mropokaji."

"Wataanza leo?" mkunga alisema.

Wengine wakaguna cheko fupi. Kepteni hakucheka.

"Kisiki, wewe unasemaje? Umenyamaza tangu jana. Umeniachia mimi maneno yote."

"Sina neno."

"Saba, mwenzangu. Saba. Huna neno?"

"Ningekuwa nalo ningekupa."

"Basi wewe huumii."

Kisiki aliwaza. "Labda," alisema. Akasimama, goti likalia kama kawaida yake. "Huyo tunayetaka kumfukuza, kuna aliyemuuliza chochote?"

Walitazama chini, wengine wakatazama masufuria.

"Nitamwona kwanza," Kisiki alisema. "Redio haikimbii."

Hakujua atakachomwambia Kocha. Hakwenda kwa sababu ya huruma, wala kwa sababu ya haki. Kukaa pale kwenye ndoo kulikuwa sawa na kukaa kwenye ndoo ya kazini, basi akaona heri atembee.

*

Kazi ya Kocha ni kusoma mita za maji. Timu aliifundisha jioni na siku za mapumziko. Mchana hupita nyumba kwa nyumba, anafunua kifuniko, anachuchumaa, anafuta kioo cha mita kwa kitambaa, anaingiza namba kwenye simu ya kazi, anasonga mbele. Kisiki alimkuta kwenye barabara nyembamba yenye mageti ya bati, amevaa kofia ya kazini, anabisha hodi.

"Umekuja kunitukana?" Kocha aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kutembea."

"Basi shika kitambaa."

Geti lilifunguliwa na mwanamume aliyevaa fulana ya ndani. Alimtambua Kocha papo hapo.

"Kocha. Saba?"

"Saba."

"Hata la kufutia machozi?"

"Hata hilo."

Mwanamume alivuta pumzi, akaonekana anatafuta neno kali, akaliona, akaliacha. "Haya. Mita iko kulekule."

Nyumba ya pili mama mmoja alimshika Kocha mkono kwa mikono yake yote miwili na kumpa pole kama aliyefiwa. Ya tatu kijana alichungulia dirishani akasema kwa sauti, "Mita yetu usituandikie saba," na ndani watu wakacheka. Kocha alichuchumaa, Kisiki akafuta kioo, namba ikasomwa. Ya nne hapakuwa na mtu isipokuwa mbwa, na mbwa hakuwa na maoni.

"Wiki nzima itakuwa hivi," Kocha alisema wakirudi barabarani. "Wewe unafikiri linaniuma lipi? Haliniumi lolote. Nimesimama pale nikawa nawaza kama nimeanua nguo kambani. Bao la tano linaingia, mimi nawaza nguo. Nikasema labda nimekuwa mgonjwa."

"Mimi nilikuwa namenya chungwa."

Kocha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wakutane. "Lilikuwa tamu?"

"Sikumbuki."

Walitembea. Barabara ilikuwa na matope upande mmoja, na bila kusemezana walitembea kwa mstari, Kisiki nyuma, Kocha mbele, kama walivyokuwa uwanjani.

"Ulijua mtafungwa," Kisiki alisema.

"Nilijua. Mabeki wangu wa kati wawili walikuwa kwenye mtihani wa chuo. Golikipa wa kwanza amevunjika kidole. Wa pili amejifungua. Yule mtoto uliyemwona ni wa tatu, hajawahi kudaka mechi hata moja ya ligi. Nilitegemea mbili, tatu."

"Sasa si ungesema? Kepteni anakuchinja redioni na wewe unatembea na kitambaa."

"Niseme nini? Niseme tumefungwa kwa sababu ya mtoto yule? Watu wanajua anakoishi. Mimi nina kofia ya idara, wananiogopa kidogo, wanafikiri nitawakatia maji. Yeye atajificha wapi?" Alifungua geti jingine. "Wanikate mimi. Jumatatu nampa mwenyekiti timu yake. Nilikuwa nimechoka hata kabla."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Hajatoka chumbani. Nimekwenda asubuhi, mama yake akaniambia amegeukia ukuta."

Kisiki alikunja kile kitambaa mara mbili. "Ukimaliza barabara hii tunakwenda," alisema.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya pikipiki. Mama wa msichana aliwafungulia akiwa na unga mikononi, akawaonyesha pazia, akarudi jikoni bila kuuliza. Alionekana mtu aliyejaribu kila neno analolijua.

Msichana hakuwa amegeukia ukuta tena. Alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja, viganja vikitazama juu. Alimsalimia Kocha, akamsalimia na Kisiki, bila kujua ni nani. Kocha alikaa kwenye kiti cha pekee. Kisiki alikaa chini, mgongo ukutani, mguu wenye goti baya ameunyoosha.

"Huyu alikuwa beki wetu," Kocha alisema. "Zamani."

"Kama unashangaa nimekuja kufanya nini," Kisiki alisema, "hata mimi sijui."

Msichana alimtazama. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Nyinyi mlishawahi kufungwa saba?" aliuliza hatimaye.

"Hapana. Tano."

"Mara mbili," Kocha alisema.

"Ile ya pili ilikuwa nne."

"Ilikuwa tano. Lile la mwisho ulijifunga mwenyewe."

"Lile lilikuwa lao, liliniparaza tu."

Walibishana kidogo kuhusu bao lile, kwa sauti ya chini, kama watu wanaobishana hospitalini. Msichana aliwasikiliza. Hakutabasamu, lakini viganja alivigeuza, akaviweka chini.

"Mlifanya nini baada ya hapo?"

"Tulirudi nyumbani," Kisiki alisema. "Kesho yake tukaenda kazini."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Msichana alisubiri zaidi, kama yule mtangazaji, lakini tofauti na yule mtangazaji alionekana ameridhika kwamba hakuna zaidi. "Mimi mikono yangu siisikii," alisema. "Tangu la nne. Mama anafikiri nadeka."

"Hudeki," Kisiki alisema.

Mama yake aliwaletea chapati na chai, na kwa kuwa wageni walikula, msichana naye alichukua kipande. Wakati wa kuondoka Kisiki alishindwa kunyanyuka kwa sababu ya goti. Msichana ndiye aliyemshika kwapani na kumvuta juu, na mikono ile isiyosikia kitu ilikuwa na nguvu kweli.

*

Kisiki alimweleza Kepteni yote dukani, kwa maneno machache: mtihani, kidole, mtoto wa tatu, na kwa nini Kocha amefunga mdomo. Kepteni alimsikiliza akipanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa. Alipofika mwisho wa vifuniko alivipangua, akaanza upya.

"Angeniambia," alisema.

"Ungemwacha aseme?"

Safari ya redioni haikufanyika. Kepteni hakuwahi kujua kuomba radhi. Hata zamani, akikukosea pasi, alikulaumu kwa kusimama pale. Siku mbili baadaye sufuria kubwa jipya, lenye mfuniko, lilipelekwa nyumbani kwa Kocha, na aliyelipeleka aliagizwa aseme tu kwamba limetoka dukani. Kocha alilipokea. Jioni yake alipikia.

Alijiuzulu kama alivyosema. Mwenyekiti alimshukuru haraka haraka, kisha wiki kadhaa akahangaika kutafuta kocha, na kila aliyemwendea alikuwa na safari au mgonjwa. Mwishowe akamkumbuka yule mama aliyesema sana redioni. Aliyeonekana anajua kasoro zote za timu apewe timu. Kepteni alikataa, akakataa tena, halafu akaonekana uwanjani na filimbi shingoni. Ndani ya mwezi mmoja sauti yake ilikuwa imekwisha, na mabinti walikuwa wameanza kumwigiza anavyotembea. Golikipa wa tatu hakurudi mazoezini kwa muda mrefu. Aliporudi alikaa benchi, na alionekana hana haraka ya kutoka hapo.

Kisiki aliendelea na mashuka yake na taulo zake. Ganzi haikumwachia siku moja kwa mkupuo. Watu walimpa pole, akasema asante. Mpiga pasi alimsimulia vichekesho, akacheka mahali panapotakiwa. Binti yake alimuuliza siku moja walipokuwa wanakunja nguo za nyumbani kama aliwahi kulia kwa ajili ya mechi ile.

"Sijalia."

"Hata kidogo?"

"Labda machozi yalifungwa na yenyewe," alisema, na binti akamtupia foronya.

Msimu mpya ulipoanza hakuna aliyewapa viti. Kisiki na Kocha walikaa juu, kwenye saruji, karibu na wauza maji. Kepteni alikuwa kule chini kando ya mstari anapunga mikono bila sauti. Timu ilianza vizuri, ikapata bao, watu wakapiga makofi, na Kisiki akapiga pia. Kipindi cha pili wageni wakapata kona. Mpira ulikuja juu, mrefu, wa polepole, mpira wa kuondoa kwa kichwa na kurudi kusimulia, na katikati ya mabeki watatu mtu mfupi kabisa wa timu pinzani akaruka peke yake, akausukuma wavuni.

"Yule alikuwa wa nani?"

Watu wa mstari wa mbele waligeuka. Kisiki hakuwaona. Alikuwa amesimama.

"Wa namba tano," Kocha alisema.

"Namba tano alikuwa anaangalia nini?"

"Mpira."

"Mpira utamfunga? Anayefunga ni mtu. Mnaachaje mtu mfupi vile anaruka kama yuko sebuleni kwao?" Kifua kilikuwa kinamwenda mbio, goti linamuuma, masikio yana moto. Alimwelekeza namba tano kwa kidole, ingawa msichana hakuweza kumsikia kwa umbali ule. "Mshike. Mshike kiuno kama hujui kuruka."

"Kaa," Kocha alisema.

"Sikai."

Hakukaa mpaka filimbi ya mwisho. Wakafungwa mbili moja, na bao la pili nalo lilikuwa la kona, na namba tano yuleyule. Kocha alimsindikiza hadi njia panda, na njia yote Kisiki alimweleza habari za namba tano, wazazi wake walivyopaswa kumfundisha, na mahali pa kusimama. Walipoagana aliendelea kusema peke yake. Mumewe, aliyekuwa uani anasafisha brashi zake, alimsikia akinung'unika tangu kwenye kona ya mtaa. Hakuuliza matokeo. Alifuta mikono, akaingia ndani, akabandika maji ya chai.